Mwindaji Aliyetembea na Ng'ombe

Tarehe 30 Juni 1913 Mzee Mbwana wa Kondoa anastaafu, baada ya miaka kumi na minane ya kuwatafutia watu kitoweo: kwanza misafara ya wapagazi, kisha kambi yetu ya reli hapa Dodoma. Mimi mpishi nimeambiwa niandike haya kwa kuwa ndimi niliyekula kuliko wote, na tumbo langu ni shahidi.

Hakuna atakayesema Mzee Mbwana ni mnyenyekevu. Akiangusha swala, hadi tumalize kula swala huyo ameshakuwa nyati katika masimulizi yake. Lakini hata wanaomcheka wanakubali kwamba majira anayajua. Wakati wa mvua kila shimo lina maji, wanyama hutawanyika, na mwindaji hurudi na miiba tu. Mvua zikikoma na nyasi zikaanza kukauka, yeye huchoma kipande cha mbuga mapema, ardhi ikiwa bado na unyevu wa kuotesha majani mapya. Swala na kongoni huyafuata. Hapo gobori lake, ambalo halifiki mbali, hupata kazi, naye humwahi mnyama kumchinja akiwa hai, maana nusu ya kambi ni Waislamu.

Mwaka ule reli ilipokaribia Dodoma, mpango ulimharibikia. Majani yalichipua vizuri sana, ila waliokuja kuyala ni ng'ombe wa Methusela, mfugaji wa Kigogo jirani yetu. Wanyama wa porini hatukuwaona. Mchuzi wangu wa kunde ukabatizwa jina la maji ya kuoshea sufuria, na wafanyakazi wakaanza kufunga mizigo. Msimamizi akatamka kwamba nyama isipopatikana kabla ya Ijumaa, atakayetangulia kuondoka ni mwindaji.

Mzee Mbwana akaenda kwa Methusela kugomba. Methusela alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kama amewahi kuona kongoni akimkimbia ng'ombe. Mzee wetu, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akaomba kufundishwa: kumbe kongoni hula kando ya ng'ombe, wakimwona mtu ndipo hutoweka.

Alhamisi alfajiri alijitanda shuka la Methusela lililonuka zizi, akainama katikati ya ng'ombe, akaenda nao polepole huku wakila. Kongoni waliinua vichwa, wakaona ng'ombe, wakarudi kwenye majani. Mchana tulikula. Paja moja lilikwenda kwa Methusela, na mizigo ikafunguliwa.

Shuka lile limefanya kazi kila kipupwe tangu hapo, wala halijaguswa na maji. Sasa anamkabidhi Khamisi, mrithi wake, kwa sharti kwamba asilifue. Bi Mwanahawa, mkewe, naye ametuma neno: mume anakaribishwa nyumbani kwa mikono miwili, shuka libaki Dodoma.

Asante, Mzee wetu, kwa kila chungu ulichokinusuru. Mungu akupe afya, mavuno na wajukuu wasiochoka kusikiliza. Na yule kongoni wa Alhamisi, ukifika Kondoa, ruhusa tumekupa: mfanye nyati.