Mguu wa Mama Kengele

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba niwasomee safari ya Shangazi yetu, ambaye mtaani mlimzoea kwa jina la Mama Kengele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshonaji, akasoma hapo karibu hadi alipomaliza sekondari mwaka 1968, kisha akarithi cherehani ya mama yake.

Mwaka 1973 aliitwa klabu ya wafanyakazi wa reli kushona sare za bendi, na huko akaikuta vibrafoni, ile ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa fimbo, yenye kanyagio chini ambalo likikanyagwa sauti huendelea kulia, na kiongozi wa bendi akakubali kumfundisha jazi kila Jumamosi, ila mguu wa Shangazi, uliozoea cherehani, ulikanyaga juu chini, juu chini, na kila ulipoinuka sauti ikakatika, hata mwalimu akamwambia, "Dada, sare tulishamaliza." Ilimchukua mwaka mzima kuufundisha mguu huo kutulia, ili sauti ilie mpaka ichoke yenyewe.

Tarehe 6 Desemba 1975 aliolewa na mpiga besi wa bendi hiyo, aliyependa kutuambia kwamba alimposa kwa kuwa ndiye pekee asiyekimbiza wimbo, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi magari. Bendi ilipovunjika mwaka 1989, waliibeba vibrafoni hadi sebuleni, kochi likahamia barazani, na baada ya kazi Shangazi akawafundisha watoto wa majirani, fundi bomba, muuguzi, yeyote aliyebisha hodi.

Jambo moja lilimkaa rohoni, kwamba binti yake hakutaka kushika fimbo, akisema chuma anakigonga cha kutosha gereji, naye mama hakumlazimisha, ila jozi moja ya fimbo ilibaki ukutani, na wanafunzi tulijua si yetu.

Februari 2021 ugonjwa wa neva ulimdhoofisha mikono, akashindwa kushika sindano wala fimbo. Jumapili moja, baada ya kumlisha, binti aliitungua ile jozi, akagonga chuma kimoja kwa woga, Shangazi akasogeza kiti, akakanyaga.

"Endelea, mwanangu," alisema, "mguu ninao."

Tangu hapo walipiga wawili, mama mguu, binti mikono, hadi tarehe 9 Juni 2024, alipofariki nyumbani kwa homa ya mapafu.

Tunamshukuru daktari, aliyesubiri wimbo uishe ndipo apime presha, washonaji wenzake, wanabendi waliobaki, na ninyi majirani, mliovumilia mazoezi yetu madirisha yakiwa wazi.

Jumamosi ijayo binti yake atawapokea wanafunzi saa ile ile, ila ameomba mje na subira, maana mguu wake umezoea klachi.

Pumzika kwa amani, Shangazi, mguu utatulia.