Mtoki wa Kwapani

Mama zangu, dada zangu, mmeniomba nisimame niseme. Nitasema, ila msingoje machozi. Hayapo.

Mtoto wangu wa tatu alipoacha kunyonya, nilishika kitu kwenye ziwa la kushoto, kigumu kama punje ya hindi. Hakikuuma. Nikasema ni maziwa yaliyoganda. Ziwa si la kumwonyesha mtu, mwajua wenyewe, nikanyamaza.

Miaka miwili ikapita, punje ikawa ndimu. Wakati wa kuvuna mpunga kisu kikanikata kidole, mkono huohuo wa kushoto, na siku zile ndipo nikaona kwapani pamevimba. Mama mkwe wangu akapapasa, akasema, "Ni mtoki huo, mwanangu. Watoka kwa hicho kidonda."

Na nani hapa asingesema hivyo? Tukiona mtoki, twatafuta kidonda. Tukakifunga kidole dawa, kikapona kabisa, mtoki ukabaki. Ndugu zangu, nawaambia, nina ndimu ziwani na natibu kidole.

Mume wangu akachoka kungoja. Akanipandisha lori pale Garsen mpaka hospitali ya Mombasa. Daktari hata kidole hakukitazama. Alishika kwapa, akauliza, "Na ziwani je?"

"Pana kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto aache kunyonya."

"Huyo mtoto sasa yuko vipi?"

"Ajifunga shuka mwenyewe."

Daktari akasema uvimbe ukiwa mdogo mara nyingi hukaa pale pale, lakini ukiachwa ukakua, mbegu zake hushika njia ya kwapani, na kwa mwanamke kijana huweza kwenda upesi zaidi. Nilimsikiliza kama anayemsema jirani. Wakakata ziwa, wakatoa na mitoki ya kwapani. Nilipozinduka nikauliza kama uji upo.

Nimerudi kupimwa mara tatu, hawajaona kingine. Mkono huu huvimba, kutwanga siwezi. Watu waniambia nifurahi. Furaha sijaiona bado, lakini naamka, nala, watoto waniita.

Namshukuru mume wangu, aliyeniogesha bila kugeuza uso. Namshukuru mama mkwe, alilia badala yangu. Nanyi mliovuna shamba langu, asanteni.

Mwenye kitu ziwani asingoje mpaka kimuume. Aje kwangu hata leo. Nitamfungulia nguo aone palivyo, kisha nitakwenda naye kupanda lori.