Mtamba wa Kupigiwa Makofi

Kaka: Haloo? Nani mwenzangu?

Dada: Yaani hata namba yangu umeifuta? Dada yako!

Kaka: Aa, dada! Shikamoo. Kioo cha simu kimepasuka, sioni ki—

Dada: Marahaba. Sikiliza, niko nje ya ofisi ya chama cha maziwa. Leo tunamfukuza Bwana Mbegu.

Kaka: Yule anayepandisha ng'ombe? Kafanya nini tena?

Dada: Si huyu mtamba uliyenipa! Mara sita kampandisha, mara sita patupu. Kamdunga na sindano za homoni, wapi! Mbegu zake zimekufa. Nimesimama mbele ya wanachama nikamwita tapeli, na mkewe yupo pale pale anasikia.

Kaka: Ati mbele ya mke—

Dada: Haloo? Umekatika?

Kaka: Nipo. Dada... msimfukuze.

Dada: Kwani ni shemeji yako?

Kaka: Mtandao huku una—

Dada: Mtandao mzima kabisa. Sema.

Kaka: Yule mtamba alizaliwa pacha.

Dada: Sasa? Pacha si baraka?

Kaka: Mwenzake alikuwa dume. Kule tumboni damu zao zilichanganyika. Dume huwahi kutoa homoni zake, zikamfikia na jike. Daktari wa mifugo aliniambia mwilini mna vipokezi, ni kama milango tu. Homoni ikibisha, hakuna anayeuliza imetoka kwa nani. Basi kizazi chake kikaacha kukua. Bwana Mbegu anapiga hodi kwenye nyumba isiyojengwa.

Dada: Alikwambia lini?

Kaka: Haloo? Unakwaruza, dada, sikusi—

Dada: Lini, kaka?

Kaka: Siku aliyozaliwa.

Dada: Kabla hujanipa.

Kaka: Alisema katika kumi, tisa hawazai. Nikajipa moyo na yule mmoja...

Dada: Miaka miwili nimemgeuza mama mgonjwa kitandani. Ukaja na ng'ombe, kamba mpya shingoni, ati shukrani. Wajomba wakakupigia makofi. Na mimi mjinga nikalia kwa furaha!

Kaka: Naona aibu, dada. Yale makofi yalinichoma siku ile ile. Nitakuletea mwingine, mwenye mimba kabi—

Dada: Nani kakuuliza ng'ombe? Nimemvua nguo mtu wa watu mbele ya mkewe!

Kaka: Waambie umesikia kwa daktari. Usinitaje, nakuomba. Halafu salio lako litaisha...

Dada: Nimejiunga dakika mia. [kwa mbali] Bwana Mbegu! Mzee, usiwashe pikipiki, shusha huo mtungi wa mbegu! Nimekukosea. Na aliyenikosea mimi yuko hapa kwenye simu.

Kaka: Dada, usi—

Dada: Samahani yangu nitaiomba humo ndani, mbele ya wanachama wote. Yako iombe mwenyewe. Shika, mzee.

Kaka: Haloo... Shikamoo, mzee. Mimi ndiye kaka yake, niliyempa yule mtamba. Mbegu zako hazina kosa, mzee. Nilijua tangu siku ya kwanza.