Fisi Saba na Kompyuta Iliyofungwa

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu cha kushonea, ng'ambo ya jengo refu la vioo ambamo watu huingia na kadi shingoni na kutoka wameshika kichwa. Kahawa anauza Mama Birika. Kinyozi tunamwita Profesa, kwa sababu hajawahi kushindwa kueleza jambo asilolijua. Fundi umeme ni Fyuzi, kwa sababu hukatika upesi. Na yupo Enta, kijana anayeandika programu za kompyuta katika lile jengo la vioo, la kampuni ya kusambaza dawa. Siku hiyo magari ya dawa yalikuwa yamepangana ukutani tangu asubuhi, hayatikisiki, madereva wamelala milango wazi. Saa saba na robo mchana tukamwona Enta anavuka barabara mbio, kompyuta ya kampuni kaikumbatia kama aliyeokoa kuku kwenye mafuriko, karatasi nne kaziuma kwa meno.

Enta: Sogeeni, sogeeni! Saa nane kamili nikiwa sijatuma, sina kazi!

Mama Birika: Salamu kwanza, mwanangu.

Enta: Shikamoo mama, shikamooni wote, sogeeni!

Tukasogea. Akatoa karatasi mdomoni, akaeleza bila kumeza mate. Oda za maduka ya dawa zikizidi elfu moja, mfumo wa kampuni unaganda. Leo zimezidi. Dawa ya ugonjwa huo anayo: mistari tisini na sita, ameiandika nyumbani Jumamosi kwenye kompyuta yake, kaijaribu, inafanya kazi. Na leo ndiyo siku yake ya mwisho ya majaribio kazini. Bosi kamwambia magari yakitoka kabla ya saa nane, mkataba upo. Yasipotoka, asante kwa ushirikiano.

Fyuzi: Na mama mkwe anajua?

Enta: Mke wangu ameshamwambia nimeajiriwa. Naye ameshautangazia ukoo.

Wote: Yalaa!

Fyuzi: Si uchomeke flashi uimwage?

Enta: Tundu zote za pembeni wamezizima. Ukichomeka, inakutazama tu.

Profesa: Jitumie barua pepe.

Enta: Barua ya nje yenye mzigo inarudishwa getini.

Mama Birika: Basi kaa mezani kwako uandike upya.

Enta: Mezani hakuingii simu wala karatasi, mama. Kompyuta inaruhusiwa kutoka, karatasi haziruhusiwi kuingia; hizi nimezichukua getini kwa mlinzi.

Fyuzi: Kwa hiyo kilichobaki wazi ni nini?

Enta: Kibodi.

Fyuzi: Hawajaikumbuka tu hao! Charaza kabla hawajaikumbuka!

Profesa akaichukua karatasi ya kwanza, akasimama juu ya tofali, akakohoa kama mtu anayeanza mahubiri.

Profesa: Foleni, nukta, ongeza, mabano fungua, oda, mabano funga, nukta mkato! Halafu kuna... hiki nini? Mabano yaliyoumwa na mgongo?

Mimi: Lete hapa. Mabano yamebanwa katikati, hicho kiuno. Mimi fundi cherehani, kiuno nakijua hata kikichorwa na mtoto.

Profesa: Kiuno fungua!

Enta: Nimefungua!

Vidole vyake vilikuwa vinaruka kama mahindi kwenye kikaango. Tungemaliza mapema, lakini Fyuzi naye ana mdomo.

Fyuzi: Mimi najua kwa nini wanaifunga. Umeme wa siri unavuja. Tundu ikiachwa wazi, siri inadondoka sakafuni, mfagiaji anaizoa.

Mama Birika: Acha wewe. Wanaogopa itoke, ikutane na kompyuta za wenzake zenye muziki na picha za harusi, iache kazi.

Profesa: Nyote mmepotea. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa nani hataki ukuta? Wangeuacha ufa, wapate ukuta bure!

Tukabishana kuhusu ukuta. Tulipogeuka, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi.

Enta: Mnaona? Isipoguswa dakika mbili inajifunga, inadai nywila!

Wote: Fisi saba wana kiatu kimoja, alama ya mshangao!

Akaandika hivyohivyo, fisi kwa herufi kubwa, saba kwa tarakimu. Ikafunguka. Profesa akashika karatasi ya pili.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja wa makamo, suti ya kijivu, kamba shingoni, kadi kaitumbukiza mfukoni. Akaomba kahawa bila sukari, akakaa mwisho wa ubao. Mimi niliona mteja. Nilishaanza kumkadiria mabega.

Profesa: Kama idadi ni kubwa kuliko elfu moja, kiuno fungua! Gawa, mabano fungua, foleni, mkato, mia mbili, mabano funga, nukta mkato!

Wapita njia wakaanza kusimama. Dereva mmoja wa gari la dawa akaamka, akaja kusikiliza, mstari wa sitini akawa anaitikia "nukta mkato" pamoja nasi. Saa nane kasoro robo. Jasho lilikuwa linamtiririka Enta mpaka kwenye herufi ya J.

Enta: Na nikishatuma bado haijaisha. Lazima mkuu wa usalama wa kompyuta akubali kwenye simu yake. Ni mpya, kaanza jana, hakuna aliyemwona. Wanasema ndiye anakuja kuongeza makufuli.

Fyuzi: Nisikilizeni. Hiyo kampuni haina siri hata moja. Wamefunga ili mwizi asijue kwamba hakuna cha kuiba!

Mama Birika: Eeh, hapo umenena.

Profesa: Na huyo mkuu wa usalama hayupo. Ni kompyuta nyingine, wameivalisha suruali. Kikulacho ki nguoni mwako! Ndiyo maana nikimnyoa mtu wa lile jengo humwambia akung'ute shati.

Dada wa suti akapaliwa na kahawa. Mama Birika akampigapiga mgongoni.

Fyuzi: Suruali ya nini? Kompyuta haina miguu!

Profesa: Na kiti je? Kiti kina miguu, kinavaa suruali?

Hoja ilikuwa nzito, tukaipa muda wake. Kioo kikawa cheusi tena.

Enta akaandika nywila. Imekataa. Akaandika tena. Imekataa. Akainua mikono kama aliyeshikiwa bunduki.

Enta: Ya tatu nikikosea inafungwa mpaka kesho! Ni fisi sita au saba?

Ubao mzima ukasimama, dereva na wapita njia nao, sauti moja:

Wote: Fisi saba! Wana! Kiatu! Kimoja! Mshangao!

Ikafunguka. Nusura tumbebe. Profesa akasoma karatasi ya nne bila kuvuta pumzi, Enta akagonga kitufe cha mwisho, kile kilichompa jina.

Enta: Imekwenda! Saa nane kasoro dakika nne!

Tukarukaruka. Dereva akamkumbatia Fyuzi bila hata kumjua. Katikati ya shangwe yule dada akauliza taratibu:

Dada: Samahani, hiyo nywila mnaijua wote?

Mama Birika: Tumeitunga sisi, mwanangu! Kila mwezi wanamlazimisha abadilishe, na kichwa chake kidogo. Ya mwezi uliopita ilikuwa ya bata.

Fyuzi: Bata wanne wamepanda ngazi.

Profesa: Alama ya kuuliza mwishoni. Nilitaka kuchangamsha.

Simu ikalia "tii" ndani ya suti ya kijivu. Dada akaitoa, kadi ikatoka nayo ikaanguka mguuni kwangu. Nikaiokota nikaisoma kwa sauti, maana siku hiyo kila karatasi ilikuwa inasomwa kwa sauti.

Mimi: Mkuu wa Usalama wa Kom...

Nikamrudishia kadi kwa mikono miwili. Enta akawa na rangi ya majivu. Profesa akashuka kwenye tofali. Dada alikuwa anasoma simu, kidole kinashuka mstari hadi mstari, nasi tunakifuata kwa macho kama wagonjwa wanaomtazama daktari. Kikasimama.

Dada: Mstari wa themanini na moja.

Enta: Naam, bosi.

Dada: Kiuno hakijafungwa.

Fyuzi: Profesa!

Profesa: Si wewe na miguu ya kompyuta!

Enta akagonga kitufe kimoja, akatuma upya. Tii. Dada akabonyeza kwa kidole gumba. Halafu ng'ambo ya barabara simu za madereva zikaanza kulia moja baada ya nyingine, milango ikabamizwa, injini zikanguruma, na gari la kwanza likatoka. Dereva wetu akakimbilia la kwake, kikombe cha Mama Birika mkononi. Saa nane kasoro dakika moja.

Dada: Dawa zitoke, mkataba kadai kwa bosi wako. Ila kesho saa mbili asubuhi uwe ofisini kwangu, na hizo karatasi.

Enta: Bosi... karatasi haziruhusiwi kuingia.

Dada akamtazama. Akayatazama magari. Akaketi tena ubaoni, akasogeza kikombe.

Dada: Hebu nisaidieni, wazee wangu. Tundu zimezimwa. Barua zimezuiwa. Meza zimepekuliwa. Na kazi nzima imesomwa hapa barabarani mpaka dereva kaihifadhi moyoni. Mimi nimeletwa kuongeza makufuli. Sasa naongeza wapi?

Profesa akafungua mdomo kuwaita wahenga. Wahenga hawakuja. Fyuzi akagundua waya wa kutazama juu ya nguzo. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa tone moja na mashapo.

Dakika mbili nzima zikapita hivyo, nadhani ndizo ndefu kuliko zote katika historia ya ule ubao. Kisha, juu ya mapaja ya Enta, kioo kikawa cheusi, kikauliza nywila.

Tukainamisha vichwa wote, kila mtu anachungulia kikombe chake kitupu, utadhani fisi wote saba wamelala humo.