Karatasi ya Jovita Chini ya Lenzi

Sogeeni karibu wanangu, na wewe Elda zima hiyo redio, maana sauti yangu leo haiwezi kushindana na matangazo ya sabuni. Msikae na nyuso za msiba. Bado nipo, nimekunywa uji, na mama yenu Jovita amenivalisha shati jeupe utadhani ndiyo kwanza ninakwenda kumposa. Daktari amesema yake, nimemwelewa. Sasa sikilizeni yangu, na msikilize kwa moyo mweupe, kwa sababu furaha niliyo nayo leo inazidi ile ya siku tuliyorudi kutoka ukimbizini Tanzania na mabati yetu kichwani.

Nianze na yaliyo mepesi. Shamba la michikichi la Gatete ni la Modeste na Elda, mpaka wenu ni ule mfereji, na mtu asiusogeze hata kwa utani. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka aichoke mwenyewe. Meshaki, kitinda mimba wangu, boti na mashine yake ni vyako, nawe unavitunza kuliko unavyojitunza. Hapo najua hamna ubishi. Kinachowafanya mnong'one jikoni ni studio na ile kamera ya Kirusi, nami masikio ninayo bado, ingawa macho yameshaniaga.

Modeste, mwanangu wa kwanza, umesema kamera ya baba huenda kwa mtoto wa damu, haiendi kwa Benita, mke wa mdogo wako Meshaki, aliyetoka ng'ambo ya ziwa kule Uvira. Umelisema kwa adabu ya mwalimu, sikukasirika. Lakini ngoja niwaeleze hiyo kamera ni kitu gani, maana imewalisha na kuwasomesha, na wengi wenu hamjui hata inavyopumua.

Mbele yake kuna pete ya chuma iliyokazwa kwa skrubu nne, ndiyo inayoshika lenzi. Kutoka kwenye pete hiyo mpaka kule nyuma filimu inapolala, umbali lazima uwe mmoja pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Pete ikiinama kwa unene wa karatasi tu, picha nayo inaugua upande: watu wa huku utaona hadi vifungo vya mashati yao, watu wa kule utadhani wamesimama ndani ya moshi wa jiko. Na mpiga picha hana habari, kwa sababu kamera ya namna hii hutazami kupitia lenzi, unatazama kwenye kidirisha cha pembeni. Kosa utalijua filimu ikishaoshwa, wakati bibi harusi ameshafika kwa mumewe.

Ndivyo lilivyompata Leonsi, jirani yetu. Mnaikumbuka harusi ya binti yake Marcelina. Pikipiki iliyonileta kutoka Nyanza-Lac iliruka kwenye shimo, mkoba wa kamera ukajigonga, nami bila kujua nikapanga watu kama desturi, ukoo wa bwana harusi kulia, ukoo wa bibi harusi kushoto. Picha zilipotoka, wakwe waling'aa mpaka meno, na Leonsi na ndugu zake wakawa ukungu mtupu. Akaja hapa na picha mkononi: "Silvano, wale wakwe walikupa nini, hata unifute mu picha ya mutoto wangu?" Nilimweleza habari za pete mpaka koo likakauka. Akasema hakuna chuma chenye kuchagua ukoo wa mtu. Tangu siku hiyo tukikutana barabarani anaisalimia baiskeli yangu, mimi ananiruka.

Pete niliinyoosha. Kila karatasi niliyoijaribu ilikuwa nene mno, mpaka mama yenu akafungua kitabu chake cha nyimbo, akachana ukurasa mweupe wa mwisho, akaniambia, "Chukua, hapa hakuna wimbo." Nikakata kipande chembamba kama mwezi mchanga, nikakilaza chini ya pete upande uliozama, nikakaza skrubu taratibu, moja kisha inayoikabili, na kamera ikapona. Kila harusi mnayoiona ukutani pale studio imepita juu ya karatasi ya Jovita. Cheka, Jovita, cheka, wayaone hayo mapengo.

Sasa Modeste, nilipolazwa ulitaka kunifurahisha, ukaifungua kamera uisafishe. Wewe ni mtoto mwema, ugonjwa wako ni usafi. Ulikuta kikaratasi cha manjano chini ya pete, ukakitupa, na picha zikaanza kuugua upya. Ukajaribu kutibu, ukaweka karatasi upande ule ule ulioonekana mgonjwa kwenye picha, ukungu ukazidi maradufu, ukatangaza kwamba kamera imezeeka pamoja na mwenyewe. Nilicheka mpaka nesi akanikaripia. Mwanangu, ndani ya kamera watu wanasimama vichwa chini, na aliye kushoto anahamia kulia. Hata mimi nililijua hilo baada ya kuharibu filimu nyingi.

Benita hakubishana na mtu. Alichukua kioo kilichosuguliwa kwa msasa, akakilaza mahali pa filimu ili picha itue juu yake ionekane, akaomba ukurasa mweupe wa mbele wa kile kitabu cha mama yenu, akashuka ufukweni kutafuta kitu kirefu, kilichosimama wima, chenye macho yanayolingana toka mwanzo hadi mwisho. Akakutana na wavu wa Leonsi, umetundikwa kati ya nguzo mbili ukingoja kushonwa. Leonsi akamwakia, "Muzee amekutuma ufute na wavu wangu?" Benita akamjibu kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, "Hapana Papa Leonsi. Kuya utazame weye mwenyewe."

Leonsi akainama. Akayaona mafundo ya wavu wake juu ya kioo, upande mmoja yamekaa safi, upande wa pili yameyeyuka, na pale mchangani hapakuwa na mkwe wa kumhonga mtu. Akaenda kuushika wavu kwa mkono, akarudi, akatazama tena. Benita akafungua skrubu, akalaza karatasi, akakaza, akamwita: mafundo yote yamesimama sawa. Naambiwa Leonsi aliketi chini akacheka peke yake, hata wanawake wanaoanika ndagala wakaacha kazi kumtazama.

Leo asubuhi alikuja amevaa kofia yake nzuri, akanishika mkono. "Amahoro, Silvano. Iko kweli, ni chuma." Tumelia kidogo, tumecheka sana, na sasa yuko hapo uani anawangoja. Jambo nililoshindwa kumweleza kwa maneno miaka yote, huyu binti amemwonyesha kwa jicho lake mwenyewe.

Basi sikieni. Studio na kamera ni vya Benita. Simpi kwa kumwonea huruma. Nampa kwa sababu akiona ugonjwa halaumu uzee, anautafuta. Modeste, usinune. Kazi ya kupanga watu ni yako, hiyo sauti ya darasani inatosha kunyamazisha harusi nzima, na ukiona karatasi chini ya pete, nakusihi, pita mbali. Wala msingoje filimu ioshwe ndipo mkubali. Nimempa sasa hivi, kabla picha haijaonekana.

Nibebeni mpaka uani, Benita atupige picha sote. Filimu ipo, Elda ameihifadhi kwenye friji pamoja na samaki wa mukeke. Leonsi asimame kulia, upande wa wakwe, apate haki yake... Mimi msiniweke katikati. Niwekeni kushoto, mwisho kabisa, pale alipopotelea yeye. Kama umebaki ukungu, unipate mimi. Lakini haujabaki. Namjua aliyekaza pete...

Polepole, Meshaki... hapo. Ahsante, murakoze. Mungu awaweke pamoja, wanangu, mwonekane wote, wa mwanzo na wa mwisho... awape chakula na kicheko... Jovita, njoo huku pembeni kwangu. Nishike, lakini isionekane kwamba unanishika...

Benita, binti yangu, usiharakishe. Pima kwanza... Nitajitahidi nisitikisike.

Haya. Piga.