Fomu ya Mjomba Laurenti

Benchi lile la Mwembesongo lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, lakini waliolikalia waliliita Bunge. Mwaka ule kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba ruksa, maduka ruksa, na ada nazo zikapata ruksa ya kupanda. Asubuhi hiyo wingu lilikuwa likiteremka Uluguru taratibu, kama shuka linalotandikwa, na Eufrazia alikuwa ameketi karibu na mjomba wake Laurenti. Mkononi alishika barua ya kuitwa chuo cha uuguzi. Mjomba, ambaye kijiweni walimwita Sajini ingawa alistaafu akiwa koplo, alikuwa na fomu mapajani. Jeshi lingemlipia chuo mtoto wake mmoja. Mmoja tu.

Sajini alikuwa ameshaandika jina la Eufrazia. Ahmadi, muuza kahawa, akachungulia huku akimimina.

— Sajini, huyu mtoto wa dada yako. Jeshi limesema mtoto wako.

— Kwetu Waluguru mpwa ndiye wangu. Hao niliowazaa wana wajomba zao.

— Jeshi si la Waluguru, kaka.

— Vitani Kagera hawakuniuliza kabila.

Tomasi, aliyeitwa Waziri kwa ajili ya koti lake la mitumba, akasema jeshi haliangalii damu, linaangalia ukakamavu; Eufrazia atawapigia wagonjwa saluti kabla ya kuwachoma sindano. Ahmadi akasema hiyo ndogo, wauguzi wa jeshi huchoma sindano wakiwa kwenye parachuti, shemeji yake kaona. Waziri hakukubali kushindwa. Binti akihitimu, alisema, atapewa hospitali nzima huko juu mlimani, na helikopta ya kuwateremsha wajawazito, nayo itatua hapahapa, rubani anywe kahawa ya bure.

— Bure ya nani? Rubani ana mshahara, atalipa.

Eufrazia aliwasikia kwa mbali. Alikuwa akitembea kwenye ukumbi mrefu unaonukia dawa, viatu vyake havitoi sauti. Mlangoni watu wa milimani walikuwa wamefika na mama kwenye machela, wamelowa umande, hawajui pa kumweka. Naye akawaambia, mleteni hapa, kwa sauti tulivu ambayo bado hakuwa nayo.

Alipozinduka, Yuliana alikuwa amesimama mbele yao, anatua tenga la kabichi. Alikuwa binti wa Sajini. Yeye na Eufrazia walimaliza kidato cha nne darasa moja. Naye aliitwa chuo, cha ualimu, na tangu fomu ije hakuna aliyeitaja barua yake, hata Eufrazia.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Yuliana aliinama, akaisoma fomu.

— Baba, mjomba wangu hakuwahi kuwa askari. Analima hizi kabichi. Mimi nikajaze fomu ya nani?

Waziri akanyoosha kola ya koti. Ahmadi akakishika kikombe bila kumimina. Sajini alimtazama binti yake, akamtazama mpwa wake, akaiweka fomu juu ya benchi.

Eufrazia alisogea kwenye ubao. Yuliana akakaa. Wakaichukua fomu, wakaisoma tena wote wawili, mstari kwa mstari, wakitafuta nafasi ya jina la pili.