Noreen Agnes Kinnane na Lango la Kati la Mulgaree

Marehemu Noreen Agnes Kinnane alizaliwa tarehe 9 Juni 1947 katika hospitali ya Hawker, Australia Kusini, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Bwana Patrick Sheehy, fundi wa njia ya reli, na mkewe Agnes. Alilelewa Beltana, katika nyumba ya reli iliyotazamana na mataruma. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijifunza kutembea kwa kushika uzio, na kwamba tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia upande mmoja wa uzio huo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Beltana, kisha mwaka 1960 akapelekwa Quorn kwa shangazi yake ili aendelee na sekondari. Alimaliza mwaka 1963. Alikuwa hodari wa jiografia na mwandiko, na mvivu wa ushonaji, jambo ambalo shangazi yake hakulisamehe hadi kufa.

Alianza kazi katika ofisi ya posta ya Leigh Creek. Mwaka 1976 alipewa kazi ya kupeleka barua na vifurushi kwenye ranchi za kaskazini, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2004. Mara mbili kwa wiki aliendesha lori lake peke yake katika barabara za vumbi, akiwa na barua, vipuri, dawa za mifugo, na wakati mmoja keki ya harusi ya ghorofa tatu iliyofika ikiwa na ghorofa mbili. Kila ranchi ina malango, na kila lango alishuka kulifungua mwenyewe. Sheria ya malango kila aliyekulia huku anaijua: ukilikuta limefungwa, lifunge ukishapita, ukilikuta wazi, liache wazi. Huulizi kwa nini. Aliyeliacha vile alikuwa na sababu.

Sheria hiyo aliisimamia hata kwa watu asiowajua. Wanawe wanakumbuka kijana mmoja mtalii aliyekuwa akilifunga kwa bidii lango alilolikuta wazi, huku akitazama nyuma kama anayengoja kusifiwa.

"Wewe kijana, hebu fungua hilo geti," Noreen alimwambia.

"Lakini mama, ng'ombe si watatoka?"

"Watoke waende wapi, kijana wa mjini? Maji yako upande ule. Ukifunga, unawafungia kiu. Fungua, mwanangu, kisha uje unywe chai."

Kijana alifungua, akaja akanywa chai.

Tarehe 17 Aprili 1971 alifunga ndoa na Desmond Kinnane, fundi wa visima na pampu za upepo, katika Kanisa Katoliki la Quorn. Walijaliwa watoto wawili, Gerard na Lorraine. Fungate yao waliimalizia chini ya turubai kando ya bwawa lililo ndani ya ranchi ya Mulgaree, kwa ruhusa ya mzee aliyekuwa mwenye ranchi wakati ule. Wakarudi hapo kila mwezi wa Julai, miaka thelathini na kitu, wakioka mkate kwenye majivu na kubishana nani alisahau chumvi. Des alipofariki mwaka 2009, majivu yake yalimwagwa hapo, na mzee huyo mwenye ranchi alivua kofia na kusema, "Njoo wakati wowote, Noreen. Huna haja ya kubisha."

Mwaka uliofuata alipata mbwa. Alikuwa mtoto wa mbwa wa kuchungia kondoo, mwekundu, aliyefukuzwa kazi kwa sababu aliwaogopa kondoo. Noreen alimwita Spana, kwa kuwa alimkuta amelala ndani ya sanduku la vifaa vya Des. Kuanzia hapo wawili hao walizunguka nchi: Marree, Innamincka, hadi mpakani kwenye vilima vya mchanga na kurudi. Walilala chini, kwenye godoro moja la turubai, na yeyote aliyewahi kupiga kambi nao anajua nani alilala katikati. Watu walipomuuliza kama haogopi kusafiri peke yake, alijibu, "Peke yangu wapi? Mimi dereva tu. Bosi ndiye huyu, na hajawahi kuchangia petroli."

Na kwa kuwa neno baya lilisemwa kuhusu mbwa huyu, familia inaomba lisikilizwe vizuri. Katika ranchi za huko hutegwa nyama yenye sumu kwa ajili ya mbwa mwitu. Spana hakuwahi kuachwa huru katika ardhi ya ranchi yoyote. Akishuka garini alivishwa kikapu cha mdomo na kufungwa kamba, na kamba ilifungwa kwenye bampa. Walioshiriki moto wake wa kambi wako hapa leo na wameyaona hayo kwa macho yao.

Mwezi wa Julai 2013 Noreen na Spana walikwenda bwawani kama kawaida. Walilikuta lango la kati, lililo kati ya malisho na bwawa, likiwa wazi, wakaliacha wazi. Wakakaa siku zao, wakarudi nyumbani. Baadaye lango hilo lilikutwa limefungwa. Ng'ombe zaidi ya sitini walikuwa wamekufa wakiwa wameegemea uzio, maji yakiwa upande wa pili, wakisikia harufu yake.

Ranchi wakati huo ilikwishauzwa kwa kampuni ya mjini, na meneja wake alikuwa Bwana Trevor Haslock. Bwana Haslock hakumpigia Noreen simu. Hakuja nyumbani kwake. Hakumuuliza mtu yeyote swali lolote. Alitangaza kwamba yule bibi wa posta alifunga lango ili mbwa wake asitoroke. Na watu waliopokea barua zao kutoka mikononi mwa mwanamke huyu kwa miaka ishirini na minane, waliopokea telegramu za misiba na dawa za watoto wao, walilipokea na hilo bila kuuliza.

Wiki chache baadaye aliingia katika baa ya hoteli moja huko Marree, na Bwana Haslock alikuwa kaunta.

"Karibu, Mama Posta! Leo umefunga mageti mangapi?"

Watu walicheka.

"Trevor," Noreen alisema, "mimi nilikuwa nafungua mageti ya Mulgaree wewe ukiwa bado unafungwa kamba za viatu na mama yako."

Wakacheka zaidi, safari hii upande wake.

"Ng'ombe wangu hawakucheka," Bwana Haslock alijibu. "Nenda kawasimulie mizaha."

Hakuna hata mmoja aliyesema, "Trevor, huyu tunamjua." Noreen aliweka glasi yake chini ikiwa bado imejaa, akamfungua Spana pale mlangoni, akaondoka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Mwaka uliofuata kibao kilisimamishwa katika lango kuu: wenye mbwa hawaruhusiwi, na chini yake, kwa rangi, jina lake. Jina lake kamili, kwenye barabara ya umma, kila mtalii alisome. Tangu hapo hakufika tena mahali alipo mumewe. Kila Julai alipiga kambi nje ya uzio, kando ya barabara, malori yakimpitia na vumbi lao, na asubuhi akarudi nyumbani. Gerard alitaka kwenda kukivunja kibao. Mama yake alimkataza. "Ukikivunja watasema na mwana ni kama mama. Kiache. Kinanisingizia mimi, hakikusingizii wewe."

Mwezi Novemba 2018 Noreen aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa katika hospitali ya Port Augusta, na wauguzi wake tunawashukuru kwa moyo wote, hasa kwa kujifanya hawamwoni Spana akipitishwa mlango wa nyuma. Mwezi Agosti mwaka huu alitembelewa na mtu ambaye hakumtarajia: Wayne Obst, aliyekuwa bado mfanyakazi wa Mulgaree. Lorraine alikuwepo. Wayne alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Mama Noreen, lile geti nililifunga mimi."

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Sijala. Bosi, Trevor, aliniambia nifunge la kati, tuwazuie ng'ombe tuwakusanye kesho yake. Kesho yake ndege ya kukusanyia ikaharibika, mimi nikatumwa kusini. Nilidhani yeye amefungua. Yeye alidhani mimi nimefungua."

"Na mlipowakuta?"

"Akasema, 'Yule bibi alipita na mbwa wake.' Akaniangalia. Nikanyamaza."

"Kwa hiyo Trevor anajua?"

"Anajua tangu siku ile, mama."

Noreen alisema maneno ambayo Lorraine ameomba yachapishwe kama yalivyo. "Wayne, mimi umenisaidia nini? Mimi nilikuwa najua kwamba sikufunga. Nenda ukawaambie wasiojua. Na uwaambie palepale waliponicheka."

Jumamosi iliyofuata Wayne alikwenda katika baa ileile ya Marree, akasimama, akasema yote. Jumatatu alifukuzwa kazi. Tunasema hapa, mbele ya jeneza, kwamba alichelewa miaka sita, na kwamba bado ni mtu mmoja tu katika wilaya nzima aliyekuja. Leo yumo miongoni mwa waliombeba. Noreen ndiye aliyetaka hivyo.

Alitamani alazwe bwawani na Des. Gerard alimpigia Bwana Haslock simu kuomba ruhusa, akiwa na ukweli mkononi. Jibu lilikuwa hili: "Mambo ya zamani hayo, bwana. Na ranchi si makaburi." Alipoelezwa, mgonjwa alisema, "Basi nizikeni Quorn, kwa mama yangu. Sitaki kuwa majivu ndani ya kopo kabatini nikingoja ruhusa ya Trevor." Ndiyo sababu tumekutana hapa, na Des yuko kule.

Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 72, wanawe wakiwa kando yake. Jana ranchi ya Mulgaree ilituma shada la maua. Limerudishwa kwa gari lilelile lililolileta. Kibao hakijaondolewa.

Wapo walioishauri familia kwamba mazishi si mahali pa kusema haya. Familia imejibu kwamba marehemu alisemwa hadharani, mchana, watu wakicheka, na hakuna aliyeshauri kwamba baa si mahali pake. Hatuombi maua. Tunaomba kila aliyelirudia neno lile akalikanushe kwa sauti ileile aliyolisemea, hata kama aliyemwambia amekwisha hama.

Ameacha mtoto wa kiume, Gerard, na mkewe Colleen, binti, Lorraine, wajukuu watatu, Bridget, Declan na Tess, kaka yake, Kevin Sheehy wa Whyalla, na Spana, ambaye atakaa kwa Lorraine na ambaye yupo hapa, akiwa na kamba, kama alivyozoeshwa.

Noreen Kinnane hakulifunga lango lile. Mungu ampokee, naye alale akiwa na jina lake.